Kiwanja Namba 14, Ziwa Refu

Nordvik, Minnesota
2 Aprili 1998

Mwanangu Marit,

Habari za huko ukweni? Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto linalojua habari za mvua kuliko redio. Theluji imeyeyuka na matope yamefika mlangoni.

Tafadhali usiichane barua hii. Hatujasemezana tangu harusi yako, mwaka wa nne huu, na mwenye makosa ni mimi. Wewe unafunga ndoa, mimi niko juu ya mti na bunduki nangoja kulungu, eti kwa sababu ni siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda, na mtu mwenye akili zake haoi siku hiyo. Hata huyo kulungu sikumpata.

Shangazi yako Inga ameniambia mna binti, anaitwa Greta. Nataka kumwona kabla hajaanza kuuliza kama ana babu. Hapa najua hutakuja, na mimi sina uso wa kubisha hodi kwako. Kwa hiyo nimewaza hivi: tukapige kambi kwenye hifadhi ya jimbo, pale Ziwa Refu, tarehe 10 hadi 12 Julai. Sijawahi kufika, ila wanasema samaki wapo na vyoo ni visafi. Nimepiga simu saa mbili kamili asubuhi, walipoanza tu kupokea, nikapata kiwanja namba 14. Chukua namba 15 tuwe majirani. Kila mtu na hema lake, tukichokana kila mmoja anafunga zipu yake.

Nijibu kwa barua. Mimi na wewe kwenye simu tunaishia kupigiana kelele.

Baba yako,
Halvor


Brunnau, Wisconsin
19 Aprili 1998

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Greta ana miaka miwili na anaota magego, kwa hiyo nyumba nzima hatulali. Pole na goti.

Barua yako imekaa kwenye droo ya vijiko wiki mbili. Kila nikichukua kijiko naiona, nafunga droo kwa hasira. Mwisho Duane akaniambia, "Mke wangu, ama umjibu mzee au tuhamishe vijiko." Basi najibu. Nimepiga simu hifadhini na kiwanja 15 nimekipata, karibu kabisa na maji.

Lakini nisikilize vizuri. Kanisani nilikuwekea kiti mstari wa mbele, kikabaki kitupu, na watu wote wakakiona. Usipokuja Ziwa Refu, usiniandikie tena. Sitanii. Mimi nimeshazoea kukungoja, ila Greta simfundishi kumngoja mtu asiyekuja.

Duane ataleta soseji. Timu yake ya mpira usiiguse kabisa, naomba.

Binti yako,
Marit


Nordvik
28 Juni 1998

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote, na magego ya Greta yametulia? Goti langu linalalamika lakini sijaliomba ushauri. Ninakuja.

Hema nimelianika, halina tundu. Nimemchongea Greta kastuli kadogo ka kukalia karibu na moto. Kuni nabeba mimi. Duane asijisumbue, nasikia huko Wisconsin jibini ni nyingi hata mnawashia moto. Timu yake sitaitaja. Nitaiombea tu kimoyomoyo.

Dawa ya mbu leteni nyingi. Mimi mbu wa Minnesota wamenichoka, lakini mtoto bado mtamu.

Nitatangulia kufika Ijumaa mchana. Mkiingia mtanikuta.

Baba yako


Brunnau
13 Julai 1998

Bwana Halvor Rustad,

Salamu leo sina.

Tumefika Ijumaa saa nane mchana. Kiwanja 14 kulikuwa na kijana na mchumba wake na mbwa mkubwa wa manjano. Nikasema labda umechelewa. Nikasema labda umepewa kiwanja kingine. Nimezunguka kambi nzima mara tatu nikichungulia mahema ya watu kama mwizi. Kila gari likipita Greta anasimama na kuuliza, "Babu?" Nikamwambia babu anaumwa goti. Jumamosi nikamwambia vilevile. Jumapili mchana aliacha kuuliza, na hapo ndipo nilipoingia kwenye hema nikalia.

Soseji tulizokuletea tulimpa yule mbwa.

Umenifanyia mimi, sawa, ni baba yangu, nilimeza. Kwa mwanangu simezi. Tumemalizana.

Marit Krueger


Nordvik
13 Julai 1998

Mwanangu Marit,

Natumaini mko salama. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Jumamosi nilimfuata askari wa hifadhi aulize kama kuna ajali barabarani. Akauliza, hakuna, nikamshukuru Mungu. Baada ya hapo nikaelewa kwamba mmeamua kutokuja.

Sikulaumu. Kiwanja 15 walikuja wanaume wanne na akodiani moja, wakanionea huruma wakanikaribisha chakula. Sikwenda. Nilikaa kiwanjani kwangu natazama barabara siku mbili, na samaki niliowakaanga kwa ajili yenu nikawatupa. Kila mtu akipita nahisi anajua nimeachwa. Ndipo nikakuona wewe, mwanangu, umesimama kanisani na shela yako, unatazama mlango. Miaka minne nimekuwa nikikuona una kisirani. Sikuwa nimejua inavyouma.

Nisamehe. Neno hilo sijawahi kukuandikia, hata barua ya Aprili nililizunguka kwa mizaha. Nisamehe, Marit. Si lazima unijibu.

Baba yako


Nordvik
16 Julai 1998

Marit!

Barua zetu zimepishana njiani. Yako nimeisoma mara tatu nimesimama palepale kwenye sanduku la barua. Unasema kiwanja 14 kulikuwa na mbwa wa manjano. Kiwanja 14 nilikuwa mimi! Stakabadhi ninayo, namba 14, Ziwa Refu, na askari wa hifadhi ni shahidi.

Nijibu swali moja tu. Ulipopiga simu hifadhini, ulipiga hifadhi ya jimbo gani? Mimi niliposema hifadhi ya jimbo nilikuwa na maana ya jimbo letu.

Baba yako


Brunnau
Jumamosi, 18 Julai 1998

Baba, Baba yangu,

Jimbo letu! Letu lipi, mzee wangu? Mimi naishi Wisconsin! Uliposema jimbo nikapiga simu hifadhi ya jimbo langu, bila kuwaza mara mbili, na hata yule dada aliyepokea hakuwaza. Duane ametandika ramani mbili sakafuni na amelala juu yake kwa kucheka. Ziwa Refu la kwenu hili hapa, Ziwa Refu la kwetu lile kule, na katikati maili mia mbili. Watu wana maziwa maelfu, majina yamewaishia!

Mimi nimecheka mpaka nikalia, halafu nikalia tu. Greta akaniletea taulo la vyombo. Wiki nzima nimetembea na kitu kizito kifuani, nikijiambia basi, ndivyo alivyo, huna baba. Leo kimetoka. Nimekula vipande vitatu vya mkate nimesimama, sikumbuki mara ya mwisho kusikia njaa ilikuwa lini.

Barua niliyokuandikia Jumatatu ichome. Yako ya Jumatatu, ambayo nimeifungua leo tu, ninayo, na siichomi.

Kesho alfajiri tunaanza safari kuja kwako. Hema tutapiga uani, hapohapo kwenye matope yako. Barua hii naiposti hata hivyo, ingawa tutafika kabla yake. Ikija wiki ijayo utuite sote mezani, uisome kwa sauti, kwa sababu kuna neno ambalo mdomo wangu utashindwa kulisema nikikuona.

Ulikuja, Baba. Siku ile nilipokulaani, ulikuwa umekuja.

Binti yako,
Marit