Niliyomficha Lan

Jumatatu, 9 Juni
Kihindi cha ngazi ya juu. Wanafunzi sita. Nimesahihisha insha za majaribio. Wanne watapita, mmoja namtilia shaka. Lan kawaacha wote mbali.
Kosa lake lile lile: anaongea kama mwanamume. Kwa Kihindi kitenzi chenyewe huonyesha kama msemaji ni mwanamke au mwanamume, naye alijifunza utotoni kwa Mzee Prakash, muuza vitambaa aliyepanga chumba nyumbani kwao, mtaa wa Liuhua. Ndiye aliyekuwa akishinda naye wazazi wakiwa dukani. Mwaka jana mzee alirudi kwao Surat, mgonjwa. Leo nimemsahihisha Lan mara saba. Anacheka tu.

Jumatano, 11 Juni
Asubuhi kanipigia mwana wa Mzee Prakash. Baba yake amefariki alfajiri. Simu ya mzee hawawezi kuifungua, namba ya Lan hawana. Yangu kaikuta kwenye daftari la baba yake. Kaniomba nimwambie Lan: wanamchoma maiti leo jioni, kwa mila yao, na Lan watamwonyesha kwa simu. Mzee kamtaja hadi mwisho.
Mtihani wa kuzungumza ni kesho. Nafasi ya Lan ya kusoma Delhi inategemea huo.
Sijamwambia. Nimeshika simu mara mbili, nikaiweka.
Mchana mume wangu karudi kutoka bandarini Nansha. Nikamweleza.
"Mwambie, mama Nasra. Msiba ni wake, si wako."
Nikasema kesho si mbali. Kanitazama, kaenda kuswali.
Jioni imepita.

Alhamisi, 12 Juni
Wa kwanza kaja na hotuba ya kukariri. Nilipomkatiza, kanyamaza moja kwa moja. Wa pili kasahau hata neno la "jirani". Watatu waliofuata si haba.
Lan wa mwisho. Mtahini mwenzangu kamtaka amweleze mtu aliyemfunza jambo.
Dakika kumi Lan kamsimulia Mzee Prakash, kama mtu aliye hai. Anapenda chai nzito. Anakohoa. Ananisubiri likizo, kasema. Na kila alipojitaja mwenyewe, kitenzi cha kike mahali pake. Hakukosea hata kimoja.
Nimempa alama ambazo sijawahi kumpa mtu.
Nikamwambia kwenye ngazi.
"Laoshi," kaniita, yaani mwalimu kwa Kichina, "ulijua lini?"
"Jana asubuhi."
Kauliza kama wameshamchoma. Nikasema ndiyo. Akakaa palepale, kwenye ngazi. Hakulia. Nilipomshika bega kaniondoa mkono, polepole, kisha akashuka.

Ijumaa, 13 Juni
Najidanganya kuwa nilifanya kwa ajili yake. Nilitaka mwanafunzi wangu aongoze. Basi.
Namchukia mtu huyu niliye.

Jumanne, 24 Juni
Matokeo. Watano wamepita. Lan wa kwanza. Cheti kaja kukichukua mama yake. Kasema Lan kapanda ndege Baiyun juzi, kaenda Surat. Kanishukuru kwa kumfundisha. Hajui. Nilishindwa kumtazama usoni.

Jumamosi, 28 Juni
Mvua tangu asubuhi. Nimekunja nguo, nimepika wali.
Mwana wa Mzee Prakash kaniandikia. Lan kafika salama, analala chumbani kwa mabinti wa mzee. Kawaomba wamsimulie ile siku yote, tangu alfajiri: nani alimwosha, nani alimbeba, kulikuwa na jua au mawingu. Wakimaliza, anawaomba waanze tena.
Salamu hakunitumia. Sikuulizia.