Chumvi Niliyomsingizia Tumaini

Ilomba, Jumanne

Kumbe hakuwa anadokoa chumvi! Presha ya binti yangu Tumaini iligoma kushuka, nami nikaifungia chumvi kabatini na kumwita mwongo kila alipokana kuidokoa.

Leo daktari katuonyesha picha. Juu ya figo kuna tezi yenye uvimbe mdogo. Inamwaga homoni kupita kiasi, homoni inaiamuru figo ing'ang'anie chumvi, presha inapanda. Hata akila mboga chukuchuku bila chumvi!

"Tukiutoa uvimbe, presha inaweza kushuka," daktari akasema. Nikapiga vigelegele mlemle ofisini.

Kupasuliwa kwake nakuogopa, sitaficha.

Tumaini akanicheka: "Mama, sasa mwongo nani?"

"Mimi, mwanangu. Nisamehe. Siku ya upasuaji nitakaa mlangoni mpaka utoke. Anayetaka kunifukuza aje na wenzake."