Jora la Rangi ya Chungu

Jumatatu, 3 Juni
Nimefungua duka mapema. Kariakoo vumbi tupu, na wateja wote wanataka rangi moja. Terakota. Mwaka huu kila sherehe ni terakota. Sisi tuliiita rangi ya chungu na hakuna aliyeitaka. Wanakuja na picha kwenye simu, na simu inadanganya. Nawapa kigae cha chungu cha marehemu mama wafananishe, kisha nawaambia watoke na kitambaa nje wakione juani. Taa za dukani zinafanya majora mawili tofauti yaonekane pacha.

Jumatano, 5 Juni
Amekuja mama mmoja, simjui. Anataka terakota, sare ya sendofu, sherehe ya kumuaga Zawadi kabla ya ndoa, upande wa mama wa bibi harusi. Zawadi huyu huyu niliyemlea mimi, tangu dada yangu alipomwacha kwangu Ilala bado ananyonya kidole, akaenda Arusha kutafuta maisha. Sijaambiwa rangi. Sijaambiwa chochote. Nimemkatia yule mama, nimemshukuru.

Ijumaa, 7 Juni
Zawadi amepita dukani. Shikamoo yake leo ndefu, macho chini.
"Mama mdogo, wewe utavaa krimu. Kamati ndiyo imepanga."
Krimu ni ya majirani. Nimeuliza kamati ni nani. Akasema, "Mama."
Nimejibu sawa. Si sawa hata kidogo. Namchukia dada.

Jumatatu, 10 Juni
Dada amekuja mwenyewe. Miaka yote hajawahi kukanyaga hapa. Akaona kigae kwenye kaunta.
"Mdogo wangu, mbona unaweka takataka mbele ya wateja?"
Chungu cha mama yetu. Akashika jora la pembeni, lile ambalo juani linageuka rangi ya boga. Akasema hili hili. Sikumwambia atoke nje. Nimekata taratibu, nimekunja vizuri kuliko siku zote. Nilifurahi. Furaha mbaya, naijua.

Alhamisi, 13 Juni
Fundi hajamaliza gauni la dada. Bado naweza kumpigia simu. Sijapiga.

Jumamosi, 15 Juni
Sendofu. Picha zilipigwa nje kabla ya kuingia ukumbini, jua bado kali. Wanawake wote wa upande wa dada rangi ya chungu, yeye katikati anawaka kama boga. Nilisubiri mtu acheke.

Hakucheka mtu. Walidhani ndivyo ilivyopangwa, mama mzazi atofautiane na wenzake. Mshereheshaji akasema leo hakuna haja ya kuuliza mama ni nani, rangi yake inatosha. Vigelegele ukumbi mzima. Nimemtawaza mimi mwenyewe, kwa mkasi wangu. Na mimi na krimu yangu nikapiga makofi.

Wakati wa keki Zawadi alimlisha yeye kwanza. Mimi nilifikiwa mwisho, meza ya majirani. Aliponiwekea kipande mdomoni akaninong'oneza.
"Mama mdogo, hukumwambia akione juani."
Amekulia dukani kwangu. Angekosaje kujua. Hakungoja nimeze.

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda kanisani. Nimelala, nimeamka, nimelala tena.

Jumanne, 18 Juni
Wateja wachache. Zawadi nikimpigia hapokei. Dada amepiga, ana furaha, ananishukuru kwa kumchagulia vizuri. Watu wanaisifu nguo yake mpaka leo. Anataka kitambaa kile kile, cha gauni jingine, la siku ya ndoa. Nimemkatia. Nimekunja, nimetia kwenye mfuko, nimeandika jina juu yake ili anayekuja kuuchukua asikosee. Mama Zawadi. Nimeuweka karibu na mlango.