Risiti Zilizopigwa Pasi

Ernesta, nilikuwa napanga risiti za manunuzi ya duka langu la dawa za mifugo. Nimeacha kwanza nikuandikie.

Jana mvua ililowesha boksi lote. Leo wifi Fortunata ananiambia, "Zimekauka wifi, na nimekunyooshea."

Kanyoosha. Kwa pasi ya mkaa.

Karatasi za mashine ya risiti hazitaki joto. Za mwaka huu zote nyeusi tii. Nyeusi, Ernesta, hata jina la muuzaji halisomeki.

Na keshokutwa afisa wa kodi anakuja. Bila risiti atasema sikununua kitu, mauzo yote ni faida.

Sikumgombeza. Ndivyo anavyonyoosha sare za watoto.

Zilizoandikwa kwa mkono zimepona. Kesho nitawapigia wauzaji wa Moshi, niombe nakala.

Nikamwuliza pasi iko wapi.

"Naongeza mkaa wifi, bado za mwaka jana."

Boksi lenye hizo za mwaka jana nimelifungia chumbani. Ufunguo ninao.