Makufuli Tisa na Dirisha Wazi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafunga kufuli la kumi. Mimi ni fundi wa makufuli, na binti yangu ana miaka kumi na tatu, alikuwa anaongoza darasa, sasa kila asubuhi akishavaa sare anafunga mlango wa mbele, anautikisa, anapiga hatua tatu, anarudi kuutikisa tena, mara arobaini, nimehesabu mwenyewe, mpaka anafika shule saa nne huku analia, nami nikasema kama ni wasiwasi wa mlango basi amezaliwa nyumba inayofaa, nikaongeza kufuli, akatulia siku mbili, akaanza tena, nikaongeza jingine, akatulia siku moja, na sasa yamefika tisa na kila moja analikagua mara arobaini, majirani wanasema tumeficha dhahabu, na mke wangu, karani wa posta, akiona anachelewa kazini anatoka nje kwa kupitia dirishani na mkoba wake, na dirisha lenyewe halina hata komeo, linashinda wazi. Shangazi mtu anasema huo ni uvivu, mtoto anakwepa hesabu. Mwalimu mkuu naye ameniita: akiendelea kuchelewa mwezi huu, hafanyi mtihani wa kumaliza. Juzi nikamfokea, "Si umeshafunga? Huoni?" Akanijibu taratibu, "Baba, najua umefungwa. Mikono ndiyo haiamini." Nikaenda dukani kwangu kuchukua kufuli jingine. Liko hapa mezani. Nilifunge, nisilifunge?

Fundi Niliyefungika

Fundi,

Usilifunge.

Nimecheka, sikufichi, nilipomwona karani wa posta dirishani. Nilipofika kwenye mikono isiyoamini, kicheko kikaisha. Mtoto amekueleza ugonjwa wake vizuri kuliko wengi wanaokuja kwangu, nawe mtu mzima ukakimbilia dukani. Ungekuwa mshonaji, leo angekuwa na magauni tisa. Wasiwasi wa namna hii ni maradhi, na haushibi: ukiulisha kufuli leo, kesho unarudi na njaa zaidi. Shangazi mtu mwambie hivi: mvivu hatikisi makufuli mara mia tatu na sitini kabla ya kwenda shule.

Wiki hii mpelekeni kliniki ya afya ya akili ya watoto, wewe na mama yake, na umweleze daktari habari ya makufuli bila kuona haya. Matibabu yapo. Atafundishwa kidogo kidogo kuuacha mlango na kuivumilia hofu mpaka ishuke yenyewe. Usiyang'oe yote kwa hasira. Daktari ndiye atakayepanga lipi litoke na lini, na bisibisi ashike binti mwenyewe. Omba barua ya daktari umpelekee mwalimu mkuu kabla mwezi haujaisha, kwa sababu mgonjwa hanyimwi mtihani. Na dirisha liache lilivyo, usije ukamwongezea kazi.

Hilo la kumi lirudishe dukani. Kisha kaa na mwanao umpe lile jibu ambalo hukumpa juzi: "Nimekusikia, mwanangu. Si kosa la mikono yako, na hutapambana nayo peke yako."