Mikono Miwili ya Kushoto

Nyumba ya nyuma ya soko,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Salamu tele. Habari za huko, na kile kifua chako kimetulia? Sisi wazima, Mungu hajatutupa.

Lililonikalisha chini nikuandikie ni la Kaka. Unajua kisukari chake ni cha miaka mingi. Sasa kimempanda kichwani. Mwezi uliopita alimshonea mwalimu wa kwaya koti lenye mikono miwili ya kushoto. Kaka yetu huyu, aliyewafundisha nusu ya mafundi wa mtaa! Mwalimu akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Fundi, na hili nitaongoza sauti za upande mmoja tu."

Tulicheka, ila Kaka hakucheka. Alifunika cherehani kwa shuka, akasema tumtafutie mnunuzi.

Wifi akamburuta kliniki, nami nyuma yao. Daktari akaeleza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu, zile njia ambazo kwazo sehemu za ubongo hupashana habari huweza kulegea, mtu akaanza kusahau na kuchanganya mambo.

"Kwa hiyo nyuzi zimeachia?" Kaka akauliza.

Daktari akacheka, akasema ni kama hivyo.

"Basi nishonee!"

Akajibiwa kwamba zilizoachia hazishoneki kirahisi, ila akishika dawa, mlo na kutembea, huenda nyingine zisiachie upesi. Hakuahidi. Nilimpendea hilo.

Nimeomba sana, mdogo wangu. Kaka bila futi shingoni si Kaka.

Juzi mwalimu akarudi na kitambaa kingine, cha bei. Kaka akamwambia apeleke kwa wengine. Mwalimu, mama wa watu, akavuta kiti, akakaa. Wifi akaivua shuka cherehani. Wakapatana: Kaka achore kwa chaki, wifi akague, ndipo mkasi uingie.

"Huu mkono upi?" wifi akauliza.

"Wa kulia. Na usinipumulie shingoni, mama!"

"Kweli ni wa kulia. Haya, kata."

Akakata. Nilitoka nje nikamshukuru Mungu, na machozi kidogo.

Ukipiga simu, yale ya kumpima kumbukumbu, "nitajie fulani ni nani, na fulani", yaache. Muulize anashona nini. Nawe kapime sukari. Damu yetu ni moja.

Nisalimie mkeo na wanao. Mungu awafunike kwa mkono wake, mlale na kuamka salama.

Ni mimi ninayekupenda tangu nikikubeba mgongoni,
Dada Mkubwa