Sisimizi Walionona Jikoni kwa Wegesa

Bi Adija mshauri wetu, shikamoo. Naomba msaada wako upesi kabla sijafanya jambo la kujutia, mimi ni mama wa nyumbani huku Kemambo, tumehamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari na mlango wangu unatazamana na wa mama mkwe wangu, Mokami, sasa jikoni kwangu wameingia sisimizi, Bi Adija, si wachache, wanateremka ukutani kama watu waendao mnadani, wanapita ugali hawaugusi, wanapita samaki hawamtazami, wanakwenda moja kwa moja kwenye debe la ulezi lililoko pembeni, nimefagia, nimemwaga maji ya moto, wapi! Jirani yangu Veronika ananiambia ninyunyize ile dawa ya kupulizia pamba, lakini nina paka, nilipewa na mama mkwe nilipoolewa ili alinde ulezi na panya, naye analala palepale kando ya debe, tena mbwa wa mume wangu Matiko, anayekwenda naye machungani, hulamba sufuria humo humo jikoni, akifa mmojawapo nitasema nini? Na juzi mama mkwe kaingia, kaketi kwenye kigoda, kawatazama hao wadudu weee, halafu akasema, "Mwanangu, sisimizi wako wamenona. Wanakula nini?" Nikajibu sijui mama, nikampa uji usio na sukari maana nilishamwambia sukari ya mgao imekwisha, akanywa, akashukuru, akaenda, na tangu hapo hajakanyaga kwangu, mimi roho inaniuma. Nikinyunyiza kidogo tu, nyuma ya debe, paka atapona?

Wegesa, Kemambo

Marahaba, binti yangu.

Hatapona. Paka havai viatu: ataikanyaga dawa, atajilamba nyayo, kesho utamzika. Mbwa naye atalamba sakafu amfuate. Dawa ya pamba ibaki kwenye pamba, na Veronika umwambie nimesema mimi.

Sasa tuzungumze sisi wawili. Nimesoma barua yako hapa Bomani nikacheka mpaka chai ikanipalia. Tangu lini sisimizi akaacha samaki akafuata ulezi mkavu? Humo ndani ya debe kuna sukari, Wegesa, na aliyeifukia ni wewe. Ati imekwisha! Shamba la pamoja unalima, kwenye sukari umegeuka bepari. Hao wadudu wamekushinda siasa: mmoja akiona punje, anaita kijiji kizima.

Siwezi kukukaripia sana. Mgao ni mdogo, wageni hawaishi, na kila mama nchi hii ana pahali pake pa kufichia. Lakini kumficha mama aliyekupa paka wa kulinda debe hilohilo! Huna haya, mwanangu.

Haya, fanya hivi. Mwaga ulezi wote kwenye ungo, uanike juani, upepete. Sukari itie kwenye kopo lenye kifuniko, kopo ulisimamishe ndani ya bakuli la maji, hawatavuka. Ile njia yao ukutani ifute kwa maji ya sabuni, maana hufuata harufu ya waliotangulia. Ufa wanakotokea uzibe kwa udongo, juu yake upake majivu yaliyopoa. Maziwa ya paka yasilale sakafuni. Akishiba, osha kibakuli. Mbwa alambe sufuria nje, jikoni si kwake.

Imebaki kazi moja, nayo ndiyo iliyokufanya uniandikie. Mama mkwe wako anajua. Anayeona sisimizi wamenona anajua wanakula nini. Alikuuliza kwa upole ili useme mwenyewe, ukamjibu hujui, ndiyo maana haji. Uji mtupu angekusamehe.

Basi kesho asubuhi vuka, umwite. Chemsha chai akiwa amekaa pale kwenye kigoda chake. Usitoe hotuba. Weka kopo mbele yake, ulifunue, kijiko umpe ashike yeye.

Sisimizi wakirudi, niandikie. Ila kwanza uniambie mama alitia vijiko vingapi.